Maswali ya Wasomaji: "Seli Ni Zake Mwenyewe, Zitamponyaje?"

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu limfoma, yaani saratani inayoanzia katika aina ya seli nyeupe za damu ziitwazo limfositi, na ambayo mara nyingi hujitokeza kama uvimbe wa tezi shingoni, kwapani au kwenye kinena. Wengi wenu mnauliza kuhusu tiba ambayo hospitalini huitwa upandikizaji wa uloto au wa seli shina, yaani seli mama zilizo ndani ya mifupa na zinazozaa seli za damu. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu swali lililomo hubebwa moyoni na wagonjwa wengi wasiothubutu kuliuliza.

*Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 34 na aliugua limfoma ya seli B kubwa. Alipewa dripu za R-CHOP, ule mchanganyiko wa dawa za saratani, mara sita, akapata nafuu kamili, akarudi kazini. Baada ya miezi 16 uvimbe umerudi shingoni na tumboni. Daktari wake amesema atapewa dawa za aina nyingine, kisha apandikizwe seli shina zake mwenyewe. Nyumbani tumeshaanza kuchangishana, na baba mdogo anataka shamba liuzwe wiki hii ili mgonjwa apelekwe India. Swali linaloninyima usingizi ni hili: kama seli ni zake mwenyewe, na yeye ndiye mgonjwa, zitamponyaje? Na kwa nini wasichukue zangu mimi niliye mzima?*
— Dada wa mgonjwa, Tanga

Marahaba, dada. Umegusa jambo ambalo jina lenyewe la tiba hii limelificha: seli hizo hazimponyi. Kinachopigana na limfoma ni dawa atakazopewa siku chache kabla ya seli kurudishwa, nazo ni dawa za saratani za kawaida, ila kwa dozi kubwa kiasi kwamba uloto, yaani ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa na inayotengeneza damu, hauwezi kuistahimili. Katika matibabu ya kawaida daktari hulazimika kusimama pale uloto unapoanza kushindwa, hata kama anaona wazi kwamba uvimbe ungeweza kupigwa zaidi. Seli shina zilizovunwa mapema na kuhifadhiwa ndizo zinazomruhusu kuvuka mpaka huo, kwa sababu dawa zikishafanya kazi yake na kutoka mwilini, seli hurudishwa kwenye mshipa, hutafuta njia zenyewe hadi ndani ya mifupa, na kuanza upya kutengeneza damu. Mtu wa shamba huelewa haraka: ni kuweka mbegu ghalani kabla ya kuchoma shamba lililoshindikana kwa magugu. Mbegu haiui magugu, lakini bila mbegu hakuna anayethubutu kuwasha moto.

Utauliza, na ni haki yako, kama mbegu hizo zenyewe haziwezi kuwa na magugu ndani yake. Zinaweza. Ndiyo maana hazivunwi leo, uvimbe ukiwa bado umejaa, bali baada ya dawa za awamu ya pili kuusafisha mwili kadiri inavyowezekana. Hata hivyo, kwa wengi ambao ugonjwa huwarudia baada ya kupandikizwa, chanzo huwa ni limfoma iliyosalia mwilini kuliko ile iliyoingia pamoja na seli.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka familia yako ilishike kabla ya mambo mengine yote. Upandikizaji wa aina hii humfaa mgonjwa ambaye limfoma yake bado inasikia dawa. Utafiti uliojenga msingi wa tiba hii, unaojulikana kwa jina la Parma na uliochapishwa mwaka 1995, ulianza na wagonjwa 215 ambao limfoma kali ilikuwa imewarudia. Wote walipewa kwanza dozi mbili za dawa za kawaida za awamu ya pili, na ni wale ambao uvimbe wao ulipungua tu walioendelea. 109 kati yao waligawanywa kwa kura, nusu wakapandikizwa na nusu wakaendelea na dawa za kawaida pamoja na mionzi. Baada ya miaka 5, asilimia 46 ya waliopandikizwa walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa, ikilinganishwa na asilimia 12 ya wenzao, na waliokuwa hai walikuwa asilimia 53 dhidi ya 32. Wagonjwa wa wakati ule hawakuwa wamewahi kupata rituksimabu, ile R iliyo katika R-CHOP, kwa hiyo hesabu hizo hazimhusu ndugu yako neno kwa neno. Mantiki yake, hata hivyo, haijabadilika: dozi kubwa huongeza nguvu ya dawa ambayo ugonjwa tayari unaisikia, na ugonjwa usiosikia dawa kabisa ni nadra kushindwa kwa sababu tu kipimo kimeongezwa.

Miezi 16 uliyoitaja ina uzito wake. Kwa wale ambao ugonjwa huwarudia ndani ya miezi 12, au usioondoka tangu mwanzo, tafiti zilizotoka kati ya 2021 na 2022 zilionyesha kwamba tiba nyingine, ambapo seli T za mgonjwa, yaani seli nyeupe za kinga, hutolewa, hubadilishwa maabara ili ziitambue limfoma, kisha hurudishwa, inaweza kufanya vizuri kuliko upandikizaji. Tiba hiyo ni ghali mno, ingawa India iliidhinisha ya kwake mwaka 2023. Kwa ndugu yako, aliyekaa salama zaidi ya mwaka mzima, ushauri wa daktari wake ndio ambao ningeutoa mimi pia.

Nikuelezee sasa njia yenyewe, maana nimeona hofu ya watu wengi ikitokana na picha isiyo sahihi. Mifupa haitapasuliwa. Baada ya dozi mbili au tatu za awamu ya pili, zinazopishana kwa wiki tatu hivi, atapigwa picha. Uvimbe ukiwa umepungua vya kutosha, atachomwa kila siku chini ya ngozi sindano za filgrastimu, ambazo huzisukuma seli shina zitoke kwenye uloto na kuingia kwenye damu. Atasikia mifupa ikiuma, hasa ya kiuno na kifua, na kwa siku hizo maumivu hayo ni ya kutarajiwa. Kisha atalala kando ya mashine kwa saa tatu hadi tano, damu ikitoka kwa mrija mmoja, seli zinazohitajika zikitengwa, na damu iliyobaki ikirudi kwa mrija mwingine. Kiwango cha chini kinachotafutwa kwa kawaida ni seli shina milioni 2 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anahitaji milioni 120, na wapo wanaolazimika kurudi kwenye mashine siku ya pili na ya tatu. Seli huchanganywa na kimiminika cha kuzikinga na baridi, zikagandishwa na kuwekwa ndani ya naitrojeni iliyo kimiminika, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri.

Wiki chache baadaye hulazwa. Kwa limfoma, mchanganyiko unaotumika sana ni BEAM, dawa nne zinazotolewa kwa takribani siku sita. Siku ya melfalani, ambayo ndiyo ya mwisho kati ya hizo, mwambieni aulizie barafu: kuimumunya wakati dawa inaingia huifanya mishipa ya mdomo isinyae, dawa ikafika kidogo hapo, na vidonda vya mdomo vikapungua. Ni jambo dogo, halina gharama, na limewapunguzia watu mateso mengi.

Siku ya kurudisha seli huitwa siku ya sifuri. Sitamsahau mzee mmoja aliyekuja kumsindikiza mwanawe akiwa na tasbihi mkononi, akisubiri machela ya kwenda chumba cha upasuaji. Badala yake aliingia mtaalamu wa maabara na kasha jembamba la chuma likifuka moshi wa baridi. Ndani yake mlikuwa na mfuko wa plastiki unaotosha kiganjani, ukatumbukizwa kwenye maji yenye joto la mwili, ukalegea ndani ya dakika chache, ukatundikwa, na ndani ya robo saa ulikuwa umekwisha. Chumba kizima kilinuka kama mahindi ya kuchemshwa yaliyotiwa kitunguu saumu, kwa sababu kile kimiminika cha kuzuia baridi hutoka kwa pumzi ya mgonjwa hadi siku moja au mbili. Mzee akaniuliza, "Ndiyo hiyo tu?" Ndiyo hiyo tu, baba, nilimjibu, sasa tunasubiri.

Kusubiri ndiko kugumu. Kwa siku 10 hadi 14 hivi seli nyeupe hukaribia sifuri, mdomo na utumbo huchubuka, kuhara huja, na karibu kila mgonjwa hupata homa. Homa ya nyuzi 38 katika siku hizo ni dharura inayohitaji dawa ya kuua bakteria mara moja, na mgonjwa huongezewa damu na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, mara kadhaa. Katika vituo vyenye uzoefu, wanaofariki kutokana na tiba yenyewe ni wachache, kwa kawaida chini ya 5 katika kila 100, lakini uchache huo unatokana na wauguzi wanaojua kazi, maabara inayofanya kazi usiku, na benki ya damu isiyokauka. Kwa hiyo ndugu walio tayari kutoa damu wana thamani sawa na ndugu walio tayari kutoa fedha.

Hapo tumefika kwa baba mdogo na shamba. Mwambie kwa heshima asubiri picha itakayopigwa baada ya dozi ya pili au ya tatu. Nimeshuhudia familia ikiuza kila kitu, ikapanda ndege, na kufika huko kuambiwa kwamba mgonjwa anatakiwa aanze na dawa zilezile za awamu ya pili ambazo angeweza kuzipata nyumbani. Fedha ikaishia kwenye hizo dawa na nyumba ya kupanga, na siku ya kupandikizwa ilipofika hapakuwa na kitu. Wiki hizi za kusubiri zitumieni kukusanya karatasi: majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe, picha za awali na za sasa, orodha ya dozi alizopata, na maombi ya rufaa. Kwenye kila hospitali mtakayoiandikia, ulizeni hufanya upandikizaji wa limfoma kwa wagonjwa wangapi kwa mwaka, bei waliyotaja inajumuisha siku ngapi za kulazwa, na nani analipia damu na dawa iwapo homa itamweka wodini wiki mbili zaidi. Hapa Tanzania, Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021 kwa wagonjwa wa mieloma, saratani nyingine inayoanzia kwenye uloto, na Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Ulizieni pia huko, mkikumbuka kwamba maandalizi ya ugonjwa mmoja hutofautiana na ya mwingine: kwa mieloma dawa hutolewa siku moja, na seli zinaweza kukaa kwenye jokofu la kawaida kwa siku chache, wakati BEAM inahitaji siku nyingi zaidi na kwa kawaida seli lazima zigandishwe.

Na wewe, dada? Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Seli zako zingekuja na kinga yako, nayo ingeweza kuishambulia limfoma iliyobaki. Huo ndio uzuri wake. Lakini kinga hiyohiyo yaweza kuishambulia ngozi, ini na utumbo wa mdogo wako, wakati mwingine kwa miaka. Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani, aliyechapisha majaribio ya kwanza ya kumpa mgonjwa uloto wa mtu mwingine mwaka 1957, alihangaika na tatizo hilo kwa miongo kabla ya kutunukiwa Nobel mwaka 1990. Kwa limfoma kama ya ndugu yako njia hiyo huwekwa akiba, hasa kama ugonjwa utarudi baada ya kutumia seli zake mwenyewe. Baki mzima, huenda ukahitajika.

*Daktari, mke wangu ana miaka 29 na Hodgkin imemrudia. Tiba ya awamu ya pili imemsaidia sana na tumepangiwa upandikizaji baada ya miezi miwili. Hatuna mtoto. Hakuna aliyetuambia chochote kuhusu uzazi, nasi tuliona aibu kuuliza. Pia ningependa kujua atarudi lini kwenye maisha ya kawaida.*
— Mume, Morogoro

Kaka, ulizeni kesho asubuhi, wala msisubiri miadi. Limfoma ya Hodgkin iliyorudi na ikasikia dawa ni miongoni mwa hali ambazo upandikizaji umethibitika kusaidia. Katika utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2002, wagonjwa wa namna hiyo waliopandikizwa walibaki bila ugonjwa kwa miaka 3 kwa asilimia 55, na waliopata dawa za kawaida kwa asilimia 34. Kwa hiyo mna sababu ya kutazama miaka ya mbele, na ndiyo maana swali lenu si la aibu. Dozi kubwa ya dawa mara nyingi huidhoofisha mifuko ya mayai ya mwanamke, na baadhi hukoma hedhi mapema sana. Mayai, au mayai yaliyorutubishwa kwa mbegu zako, yanaweza kugandishwa katika kituo cha uzazi kabla ya upandikizaji, na shughuli hiyo huchukua takribani wiki mbili. Dawa alizokwisha kupata huenda zimepunguza idadi ya mayai, hivyo mtaalamu wa uzazi atawaambia ukweli wa hali yake baada ya kumpima. Gharama yake si ndogo. Wapo wanandoa walioamua kuiacha na kuendelea na tiba, na sioni kosa katika uamuzi huo. Kosa, tena letu sisi madaktari, ni kuwanyima nafasi ya kuamua.

Baada ya hapo, wengi hurudi kwenye kazi nyepesi kati ya mwezi wa tatu na wa sita, ingawa uchovu waweza kudumu zaidi, na jamaa wajue kwamba si uvivu wala unyonge wa moyo. Kinga aliyoipata kwa chanjo za utotoni hufifia, kwa hiyo huchanjwa upya kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 12, lakini chanjo zenye virusi hai, kama za surua na homa ya manjano, husubiri angalau miaka 2. Kama mna safari inayodai cheti cha homa ya manjano, ombeni barua ya daktari. Alale ndani ya chandarua, anywe maziwa yaliyochemka, na kwa miezi ya mwanzo aache kachumbari za njiani. Kuhusu mimba, kama hedhi itarejea, madaktari wengi hushauri kungoja miaka 2 hivi, kwa kuwa huo ndio muda ambao ugonjwa ukitaka kurudi hurudi zaidi.

*Mama yangu ana miaka 61 na limfoma inayokua polepole. Wakala mmoja anamuuzia vipakti vya unga viitwavyo "seli shina", vya kuweka chini ya ulimi, akisema ni tiba ileile ya hospitali bila mateso yake. Mama anasema tezi zimepungua, na ameacha kliniki. Je, ni kweli?*
— Mwanawe, Mombasa

Si kweli. Umesoma hapo juu tunavyolazimika kuzihifadhi seli shina katika nyuzi 196 chini ya sifuri ili ziendelee kuwa hai. Seli iliyokaushwa ikawa unga kwenye kipakti imekufa, na hata ingekuwa hai, ikimezwa tumbo lingeisaga kama linavyosaga nyama ya mchuzi. Hakuna njia itokayo chini ya ulimi hadi kwenye uloto. Zaidi ya hayo, ukirudi kwenye jibu langu kwa dada wa Tanga, hata seli shina halisi haziui limfoma.

Kuhusu tezi kupungua, simkatalii mama. Limfoma zinazokua polepole zina tabia ya kupanda na kushuka, na kwa baadhi ya wagonjwa tezi hupungua zenyewe kwa miezi kadhaa bila dawa yoyote. Ndiyo sababu madaktari wakati mwingine humfuatilia tu mgonjwa wa aina hiyo bila kumpa dripu. Muuzaji anayekuja katika miezi hiyo hupata sifa zisizo zake. Usigombane na mama wala usimuaibishe mbele ya wakala. Mwombe arudi kliniki pamoja na vipakti vyake, daktari apime damu, ini na figo, na ampapase tezi. Limfoma hizi zinaweza pia kubadilika zikawa kali, na dalili huwa tezi moja inayokua ghafla, homa, jasho la usiku linaloloanisha shuka au kukonda. Ukiona hata moja ya hizo, mpeleke siku hiyohiyo.

*Mtoto wangu wa miaka 7 ana uvimbe wa taya unaoitwa Burkitt. Amepata dripu mbili pale Bugando na uso umeanza kurudi. Jirani amesema asipopandikizwa uloto utarudi tena, hivyo nimefikiri nisimpeleke dozi ya tatu ili nauli iingie kwenye mchango wa India.*
— Mama, Geita

Barua hii hatukuiacha ingoje gazeti. Tulimpigia mama simu siku tuliyoipokea, nami ninaichapisha kwa ajili ya wengine. Ugonjwa huu ulielezwa na daktari wa upasuaji Denis Burkitt mwaka 1958, kutokana na watoto aliowaona Mulago, Kampala, na ndio uvimbe unaokua haraka kuliko karibu saratani zote: seli zake huongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Kasi hiyohiyo ndiyo inayoufanya uyeyuke haraka unapopewa dawa, na watoto wengi hupona kwa dripu za kawaida zikikamilishwa kwa wakati, bila kupandikizwa chochote. Uso unapoanza kurudi, wazazi wengi hudhani kazi imekwisha au fedha iende kwingine, na hapo ndipo seli chache zilizosalia hupata wiki tatu za kuijaza taya upya, safari hii zikiwa zimezoea dawa. Upandikizaji hufikiriwa kwa mtoto ambaye ugonjwa umemrudia, na hata hapo baada ya kusikia dawa kwanza.

Mama alituambia kwamba kilichokuwa kinamzuia hasa ni nauli ya watu wawili. Muuguzi wa zamu alimuunganisha na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, na mtoto alichomwa dozi ya tatu Jumatano iliyofuata.